Metali Inayorefuka Mbele ya Sumaku: Ginsi Tepe Nyembamba Zinafanywa Kipande Kinene



Mmezoea kuona jina langu chini ya matangazo: nani anafagia, nani amechelewa ku sala ya asubuhi, nani hakurudisha jembe. Leo hapana tangazo. Nataka kuwaeleza jambo moja la fizike na shimi ambalo wengi wetu tunapita kando yake kila siku pasipo kulijua, na ginsi mafundi wa metali wanajitaabisha nalo mpaka leo.

Piteni karibu na kabine yoyote ya umeme, kama umeme uko. Mtasikia sauti nzito, mmm, isiyokatika. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanasema ni umeme unaokimbia mu waya. Haiko vile. Kinacholia pale zaidi ni chuma. Ndani ya transfo mko moyo uliofanywa kwa tole nyingi za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, na umeme unautia moyo ule usumaku, unauondoa, unautia tena kwa upande mwingine. Kila mara chuma kinapopata usumaku, urefu wake unageuka kidogo. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa segonde. Chuma hakichagui upande: kinageuka wakati wa kwenda, kinageuka wakati wa kurudi, basi kinatetemeka mara 100 kwa segonde. Jicho haliwezi kuona, lakini sikio linasikia.

Tabia hii inaitwaka manyetostriksio. Neno ni refu, maana yake ni fupi: metali inageuza urefu wake ikipata usumaku. Aliyeipima wa kwanza ni James Prescott Joule, Mwingereza wa Salford, karibu na Manchester, mu mwaka wa 1842. Ndiyo, ni Joule yule yule wa kanuni ya joto la umeme, ile tunayopiga hesabu yake mu kilasi: ampere mara ampere, mara rezistansi, mara muda. Jamaa lake lilikuwa na kiwanda cha bia, na yeye mwenyewe alifanya kazi humo. Wazee wa kanisa watatusamehe. Mshike jina la Joule, kwani litarudi mbele.

Tutumie kipimo kimoja ili tusipotee. Twaa fimbo ya metre moja. Mikroni moja ni ile metre ikigawanywa mara milioni moja; unywele wa kichwa una unene wa mikroni karibu 70. Fimbo ya nikeli mbele ya sumaku yenye nguvu inafupika mikroni karibu 35, ni kusema nusu ya unywele. Kobalti inafupika karibu 60. Chuma chenyewe ni kigeugeu: kwanza kinarefuka mikroni chache, kisha, ukizidisha nguvu ya sumaku, kinarudi nyuma na kufupika.

Mtu atauliza: nusu ya unywele itanisaidia nini? Ni kweli ni kidogo, lakini inakuja na nguvu. Ukijaribu kuizuia fimbo isirefuke, haikusukumi sawa mpira, inakusukuma sawa chuma. Tena inafanya vile mara maelfu kwa segonde pasipo gurudumu, pasipo mafuta, pasipo kitu cha kuchakaa. Ndiyo sababu mu vita ya pili ya dunia (1939-1945) meli za vita zilitumia nikeli kupiga sauti ndani ya maji na kusikiliza mwangwi, ili kujua kama adui iko chini.

Sasa, juu ya nini metali irefuke? Pierre Weiss, Mfaransa, alieleza mu 1907 kwamba ndani ya chuma mko vijiji vidogo sana. Mu kila kijiji atomu zote zinatazama upande mmoja, lakini kijiji na kijiji hawapatani. Fikirini basi mstari wa wanafunzi wanaokwenda ku salongo, kila mmoja na jembe begani. Mwanafunzi mwenye jembe anachukua nafasi kubwa mbele na nyuma, nafasi ndogo kando. Wakati hawa wanatazama huku na wale kule, mstari una urefu fulani. Kapita akipaza sauti, «Wote mbele!», majembe yote yanalala upande mmoja na mstari unakuwa mrefu zaidi, hata kama hakuna mtu aliyeongezeka. Sumaku njo kapita. Mu nikeli iko kinyume: atomu zake ni sawa watu waliobeba ubao kwa kuvuka kifua, wakitazama mbele mstari unafupika. Mfano tu, kwani atomu haina bega. Kinachogeuka ni wingu la elektroni zake. Lakini ukishika mfano huu, mengine yote yatafuata.

Watu walitafuta metali inayopita nikeli. Mu miaka ya 1970 Arthur Clark na wenzake, mu maabara ya jeshi la maji la Marekani, walipata mchanganyiko wa kushangaza, wakauita Terfenol-D. Jina lenyewe ni hesabu: Ter ni terbiyumu, fe ni alama ya chuma mu shimi, nol ni herufi za jina la maabara ile, na D ni disprosiyumu. Fimbo yake ya metre moja inarefuka mikroni 1000 na zaidi, ni kusema milimetre nzima. Ajabu kubwa. Lakini Terfenol-D inavunjika sawa chaki, na zile metali mbili za ndani yake ziko za bei kali.

Karibu na mwaka wa 2000 Clark na wenzake wakaonyesha njia nyingine: kutia galiyumu ndani ya chuma. Galiyumu ni metali nyeupe iliyogunduliwa mu 1875 na Lecoq de Boisbaudran, Mfaransa, naye akaiita kwa jina la zamani la inchi yake. Inayeyuka ku digri karibu 30, hata ukiishika mkononi inaanza kukimbia sawa siagi. Nani angefikiri kwamba kitu laini vile kitakiongezea chuma nguvu ya kurefuka? Lakini ukiweka atomu 19 za galiyumu kwa kila atomu 100, na ukikuza kristali moja tu pasipo mapasuko, unapata mikroni mpaka karibu 400 ku metre moja. Mchanganyiko huo unaitwaka Galfenol. Haufiki Terfenol-D, lakini hauvunjiki ovyo: unaweza kuuvuta, kuuchonga, hata kuulehemu.

Hapa matatizo yanaanza, na hapa njo kiini cha habari yangu.

Kukuza kristali moja ya metali ni kazi ya polepole na ya feza mingi. Basi watu wakafikiri kufanya kinyume kabisa: pahali pa kupoza polepole, kupoza ghafula. Njia hii ilianzishwa na Pol Duwez, mtu wa Mons mu Ubelgiji, aliyefundisha mu California. Mu 1960 yeye na wenzake walipoza metali iliyoyeyuka kwa ghafula hivi hata atomu zake hazikupata wakati wa kujipanga. Zikaganda sawa kioo. Leo kazi hiyo inafanywa kwa gurudumu. Metali inayeyushwa mu bomba la kwarzi lenye tundu dogo chini. Kisha gazi ya argoni inaisukuma, na uzi wa metali ya moto unaangukia ku gurudumu la shaba linalozunguka kwa mbio. Shaba, kwani shaba inameza joto upesi. Ukingo wa gurudumu unakimbia labda metre 30 kwa segonde, ni kusema kilometre 108 kwa saa, zaidi ya gari yoyote mu barabara zetu. Metali inaguswa, inaganda, inaruka hewani sawa utepe wa nywele za wasichana. Unene wa utepe ni mikroni 20 mpaka 100, na metali imepoa kwa mwendo wa digri karibu milioni moja kwa segonde. Kusema kweli, inapoa mbele hujamaliza kupepesa jicho.

Kupoza ghafula kunaleta faida mbili.

Ya kwanza ni hii. Atomu za galiyumu ndani ya chuma ziko sawa wageni wanaoingia mu kanisa. Ukiwapa wakati, kila mmoja anatafuta kiti chake, wanakaa kwa mpango: mgeni, mwenyeji, mgeni, mwenyeji. Mpango huo unapendeza, lakini kwa kazi yetu ni mbaya, kwani chuma kilichopangwa vile kinarefuka kidogo. Tunataka wageni wakae ovyo kati ya wenyeji. Kengele ikipigwa ghafula, kila mtu anabaki fasi alipo. Ndiyo sababu mchanganyiko uliopoa polepole unafika kilele ku galiyumu karibu 17 ao 18 kwa mia, kisha unaanguka. Uliopozwa ghafula unafika mpaka 19 hivi mbele ya kuanguka.

Faida ya pili: joto linatoka kwa upande mmoja tu, upande wa gurudumu. Basi mbegu za kristali zinaota kutoka gurudumu kwenda juu, zikisimama sawa miti ya mwanzi mu shamba, na mara nyingi zinaelekeza juu upande ule ule ambao chuma-galiyumu kinapenda kurefukia. Kwa mfano wetu: wanafunzi wamekwisha kupangwa nusu mbele kapita hajafungua kinywa.

Vizuri sana. Lakini sasa uko na nini mkononi? Utepe wa mikroni 50. Ukitaka kusukuma kitu kizito kwa utepe, utajikunja. Ni sawa kutaka kuinua lori kwa karatasi. Ile sifa yote uliyoipata juu ya wembamba, wembamba wenyewe unakuzuia kuitumia. Unahitaji kipande kinene sawa kidole, na kukipata pasipo kupoteza kile ambacho wembamba ulikupa. Hili ni fumbo la kweli, na limeshughulisha watu wenye akili.

Nilipoeleza jambo hili mu kilasi chetu, wamoja walisema: tupange tepe na kuzishika kwa gundi. Neno lile haliko la kijinga. Iko mipango inayotumia metali na gundi, na kwa kazi zingine inafaa. Lakini gundi ni laini. Utepe ukirefuka, gundi inameza sehemu ya urefu ule, sawa mtu anayesukuma mlango huku godoro liko katikati. Tena gundi haipitishi usumaku vizuri, na mu joto inalegea. Wengine walisema: tuzilehemu ao tuziyeyushe pamoja. Hapo umevunja kila kitu. Metali ikiyeyuka tena na kupoa polepole mu kinu, wageni wanapata viti vyao, miti ya mwanzi inapotea, na gurudumu lako la shaba lilizunguka bure.

Gundi ni baridi mno, kulehemu ni moto mno. Katikati iko njia ya tatu: fritaje.

Fritaje ni kushikamanisha vipande kwa joto na mkandamizo pasipo kuviyeyusha. Tumeijua tangu zamani pasipo jina. Mama mfinyanzi akichoma chungu chake, udongo haukimbii sawa maji, unabaki na umbo lake. Lakini unapotoka mu moto hauko tena udongo wa kulowa. Matofali ya furu ni vile vile. Mu udongo kuna sehemu ndogo inayoyeyuka na kushika zingine. Mu metali haiko lazima. Ku metali ni atomu zenyewe zinazohama. Fasi utepe mmoja unagusa mwingine, atomu zilizochangamka kwa joto zinavuka kutoka huku kwenda kule. Mwanzo iko nukta ndogo ya kugusana, kisha nukta inakuwa shingo, shingo inanenepa, matundu yanazibika, mwisho huwezi kusema utepe huu unaishia wapi na ule unaanza wapi.

Adui wa kazi hii ni kutu. Mnakumbuka sanamu ile ya ndoto ya Nebukadneza mu kitabu cha Danieli, ambayo miguu yake ilikuwa chuma na udongo visivyoshikamana. Ngozi nyembamba ya kutu juu ya utepe inafanya vile vile: inaweka udongo kati ya chuma na chuma. Kwa hiyo tepe zinasafishwa, na kazi inafanywa mu chombo kilichoondolewa hewa.

Fritaje ya zamani, ile ya furu ya kawaida, inaomba masaa mingi. Masaa mingi ni hatari, kwani atomu zinazohama kwa kushika tepe njo atomu zile zile zinazohama kwa kutafuta viti. Huwezi kuziambia: nyinyi mshike, lakini msijipange. Unaweza tu kuwanyima wakati. Na hapa umeme unaingia.

Mu Japani, tangu miaka ya 1960, Kiyoshi Inoue alitengeneza mashini za kufanya fritaje kwa umeme. Fikirini kinu chenye michi miwili, mmoja unatoka juu, mmoja unatoka chini. Kinu na michi vyote ni vya grafiti, kitu kile cheusi kilicho ndani ya kreyo mnayoandikia, kwani grafiti inavumilia moto na inapitisha umeme. Tepe zinakatwa, zinapangwa ndani, michi inakandamiza. Mkandamizo unaweza kuwa sawa mifuko 10 ya simenti, kila mmoja kilo 50, ikiwekwa juu ya ukucha mmoja. Kisha umeme unapitishwa kwa mapigo-mapigo, volte chache tu, lakini ampere kwa maelfu. Haiko moto wa nje unaongoja kuingia ndani polepole, sawa mu furu. Kinu chenyewe kinapata moto, na tepe zenyewe zinapata moto, zaidi fasi zinapogusana, kwani pale umeme unapita kwa taabu. Joto linapanda digri 100 na zaidi kwa dakika. Kwa dakika chache kazi imekwisha, na umeme unakatwa.

Sasa mmeona Joule akirudi. Joto linaloshika tepe ni joto la kanuni yake: ampere mara ampere, mara rezistansi, mara muda. Na kipande kinachotoka mu kinu kitafanya kazi kwa jambo lile lingine alilolipima mu 1842. Mtu mmoja, mambo mawili, na vitabu vyetu vya kilasi vinataja moja tu.

Neno moja juu ya jina. Wajapani na Wazungu wanaita njia hii fritaje ya cheche na plasma. Inapendeza, inatisha kidogo. Lakini watu waliochunguza ndani ya mashini mu miaka ya 2000 kutafuta ile plasma hawakuiona, na mu 2008 wamoja wao waliandika waziwazi kwamba haimo. Jina limebaki. Mimi naona heri tuseme tu fritaje ya umeme, kwani jina kubwa haliongezi joto.

Ku chuo kikuu cha Hirosaki, kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Japani, watafiti Furuya na Okazaki na wenzao walifuata njia hii kwa chuma na galiyumu: gurudumu kwanza, kinu cha umeme kisha. Ugumu wote uko mu kuchagua joto na muda. Joto likiwa kidogo, tepe zinashikana vibaya. Ukigonga kipande, zinaachana sawa kurasa za kitabu kilicholowa mvua. Joto likizidi ao likidumu, wageni wa kanisa wanasimama na kutafuta viti, na mbegu za kristali zinanenepa na kumezana. Mchanganyiko huu unayeyuka mbali juu ya digri 1000. Fundi anabaki chini ya hapo, anakandamiza zaidi pahali pa kuchoma zaidi, na anahesabu dakika. Mkandamizo unasaidia sana kwani unaleta tepe karibu, na atomu haihitaji tena kusafiri mbali.

Namna ya kupanga tepe ni neno kubwa pia. Mtu mvivu angezikunja na kuzishindilia ovyo sawa nguo mu sanduku ya safari. Kipande kingetoka, lakini miti ya mwanzi ingeelekea kila upande, na kurefuka kwa huyu kungepingwa na kufupika kwa yule. Tepe zikilazwa bapa, moja juu ya nyingine, mianzi yote inasimama pamoja, na kipande kizima kina upande mmoja anaoupenda. Baadaye wamoja wanakipasha joto kidogo tena, kikiwa kimekandamizwa ao kimewekwa mbele ya sumaku, ili vijiji vya Weiss vijipange vizuri kwa kungoja amri.

Nisiwadanganye kwamba yote yamekwisha. Kipande cha fritaje hakifiki urefukaji wa kristali moja iliyokuzwa kwa uvumilivu. Tena kuna jambo la kuchekesha: moyo wa transfo unafanywa kwa tole zilizotengwa na ngozi isiyopitisha umeme, ili kuzuia umeme wa Foucault usizunguke ndani na kuchoma chuma bure. Sisi tunachukua tepe zilizokuwa zimetengwa, tunazifanya kitu kimoja, na Foucault anapata uwanja mpana. Kwa kazi ya polepole, si neno. Kwa kazi ya mbio sana, utepe ungali bora kuliko kipande. Kila kazi na chombo chake.

Kazi zenyewe ni gani? Kusukuma ni moja: kufungua kilango kidogo upesi, kusogeza kitu kwa mikroni, kutetemesha maji. Lakini nyingine inanivuta zaidi. Mu 1865 Emilio Villari, Mwitaliano, alionyesha kinyume cha Joule: ukikandamiza ao kuvuta metali hiyo, usumaku wake unageuka. Zungusha bobini ya waya kando yake, na mgeuko ule unazaa umeme. Kwa hiyo kipande kilichotiwa chini ya daraja kinaweza kupata umeme kidogo kutokana na mtetemo wa malori peke yake, ukatosha kwa kifaa kidogo cha kupima kama daraja linaumia, pasipo pile ya kubadilisha. Fikirini daraja kama la Matadi, lililofunguliwa mu 1983. Nani atapanda kule juu kila mara kwa kubadilisha pile? Hapo unene ni lazima. Utepe haubebi lori.

Juu ya mali yenyewe, haifai tunyamaze. Galiyumu inapatikana zaidi kama mabaki ya kazi ya aluminiyumu, na karibu yote inatoka China. Mu mwezi wa nane wa 2023 serikali ya China ilianza kuomba ruhusa kwa kila anayetaka kuitoa inchi. Iko madini moja yenye shaba na galiyumu, iitwayo galite, ambayo ilionekana Tsumeb mu Namibia na Kipushi kwetu Katanga. Lakini ni kidogo, hakuna anayechimba juu yake tu. Kobalti ni habari nyingine. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na kobalti ikichanganywa na chuma inafanya metali inayorefuka kupita nikeli. Mu Japani wameonyesha kwamba mchanganyiko huo unavumilia kubanwa mpaka unakuwa tole. Bei yake ni ndogo kuliko kristali ya Galfenol, na hauombi gurudumu wala kinu cha umeme. Sehemu kubwa ya kobalti yetu inaondoka ingali unga usiosafishwa mpaka mwisho, inasafishwa China, na nyingi yake inaingia mu bateri. Kati ya unga ule na tole inayorefuka mko hatua nyingi, na karibu zote ni shimi na fizike ya kitabu chetu cha mwaka wa tano na wa sita.

Wenye maswali wayaandike na kuyaweka mu sanduku ya gazeti mbele ya siku ya tano. Swali la Foucault tayari limeletwa mara mbili. Nitalijibu mu namba ijayo, pamoja na picha ya moyo wa transfo.